Kujitolea kutoa huduma ya kwanza mtaani kwako Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali tunayokutana nayo kila tunapokaa na watu kuzungumzia huduma ya kwanza, iwe Ngamiani, Makorora, Sahare au Pongwe, kwenye vijiwe vya bodaboda na kwenye mikutano ya serikali za mitaa. Mengine huulizwa mbele ya wote, mengine mtu husubiri wenzake watawanyike ndipo asogee. Yanayohusu uhai wa mtu tumeyajibu kwa kirefu.

Hospitali ya Bombo ipo, magari ya wagonjwa yapo. Mimi nahitajika kwa lipi?

Unahitajika kwa zile dakika za mwanzo, kabla mgonjwa hajafika Bombo. Mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa damu pajani anaweza kufa ndani ya dakika chache. Ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika 4 hadi 6. Hakuna mji duniani ambao gari la wagonjwa hufika kila nyumba kwa muda huo, sembuse uchochoro wa Makorora usiku wa masika, au Tongoni, au Chongoleani. Anayefika kwanza ni jirani, muuza chipsi, kondakta, ustadhi wa madrasa.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 walipona. Mmoja wa wavuvi hao, kijana Majaliwa Jackson, alisifiwa nchi nzima na serikali ikaagiza aajiriwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ukiisoma habari ile vizuri unaona kwamba waokoaji wa kwanza hawakutumwa na mtu. Walikuwa pale tu, wakaanza.

Na Tanga hatujapungukiwa moyo huo. Gari likipinduka Kange, umati umeshajaa kabla vumbi halijatulia. Lakini mmoja anamvuta majeruhi mkono, mwingine anammwagia maji usoni, wa tatu anataka kumnywesha soda, na anayetokwa damu nyingi kuliko wote yuko upande wa pili wa gari, kimya, hakuna aliyemtazama. Tunachotaka ni kwamba katika kila umati wa namna ile wawepo wawili watatu waliofundishwa, na wengine wawajue, wawasikilize.

Ni sawa na kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii?

Hapana. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wale tunaowaita WAJA, wana mpango wao chini ya serikali: wanatembelea kaya, wanafuatilia wajawazito na watoto, wanaelimisha juu ya lishe na magonjwa. Wewe unashughulika na dharura mpaka mgonjwa afike mikononi mwa mtaalamu. Hutoi dawa, huchomi sindano, hushoni kidonda. WAJA wa mtaa wako mfahamu mapema, kwa sababu yeye anajua nani ana kifafa, nani ana kisukari na mjamzito gani amekaribia.

Lazima niwe nimesoma?

Unahitaji kusikia, kuelewa na kuwa tayari kurudia zoezi mpaka mikono izoee. Katika tuliofundishwa nao wapo mama ntilie na wapo walimu wa sekondari, na mbele ya jeraha sijaona tofauti. Nguvu za mwili zinasaidia, maana kukandamiza kifua cha mtu mzima kunachosha hata kijana wa gati. Kama magoti au mgongo havikuruhusu kupiga magoti chini, jifunze hivyo hivyo, kisha uwe yule anayeongoza wengine, anayepiga simu na anayezuia umati. Kazi hiyo wengi huidharau, ikaachiwa yeyote.

Mafunzo yanapatikana wapi?

Mlango wa kwanza ni Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962, chenye matawi mikoani. Ukijiunga kama mwanachama wa kujitolea unaingia kwenye mafunzo, na baadaye unaitwa kwenye matukio: mafuriko, mikutano mikubwa, mechi. Mlango wa pili ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo hutoa elimu kwa umma. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuandika barua kuwaomba waje. Wa tatu ni kazini kwako. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awe na huduma ya kwanza kazini, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, huendesha mafunzo yake. Kama unafanya kazi bandarini, kiwanda cha saruji au shamba la mkonge, muulize msimamizi wako nani amefundishwa na lini. Kijana wa shule aanze na skauti au kikundi cha Msalaba Mwekundu cha shuleni.

Muda na ada hutofautiana kufuatana na anayefundisha na kiwango unachotaka. Kipimo changu cha mafunzo mazuri ni kimoja: je, utalifanya zoezi kwa mikono yako mwenyewe juu ya mdoli na juu ya mwenzako, au utakaa kwenye kiti kutazama picha ukutani? Kama ni picha tu, tafuta kwingine.

Nitafundishwa nini hasa?

Kwanza kabisa, kuangalia usalama kabla ya kukimbilia. Waya wa umeme umeanguka? Gari linavuja mafuta? Barabara imezuiwa? Mwokoaji akiumia, wagonjwa wameongezeka na mikono imepungua. Hili wanafunzi hulisikiliza kwa adabu tu, kisha kwenye zoezi la kwanza wote wanakimbia. Ndiyo maana hurudiwa.

Damu. Inayotoka kwa nguvu huzuiwa kwa kukandamiza moja kwa moja juu ya kidonda, kwa kitambaa safi na uzito wako wote, bila kufungua kila mara kuchungulia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu na uzidi kukandamiza. Mkono au mguu ukiendelea kumwaga damu, hufungwa mkanda mpana wa kubana kati ya jeraha na moyo, sentimita 5 hadi 7 hivi kutoka kwenye jeraha, usikae kwenye kiungo kama goti au kiwiko, na saa uliyofunga iandikwe mahali daktari ataiona. Usiufungue njiani.

Mtu asiyejitambua lakini anapumua hulazwa ubavu, kichwa kikirudishwa nyuma kidogo ili matapishi au ulimi visimzibe koo. Zoezi hili ndilo jepesi kuliko yote, nami naamini kila mtu wa Tanga mwenye miaka kumi na kuendelea anapaswa kulijua.

Asiyejitambua na hapumui sawasawa hukandamizwa kifua: viganja katikati ya kifua, mikono imenyooka, kwenda chini sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara uache kifua kirudi juu. Waliofundishwa huweka pumzi 2 kila baada ya kukandamiza mara 30. Ambaye hajafundishwa pumzi akandamize tu mfululizo mpaka msaada ufike. Inafaa kuliko kusimama kumtazama. Mbadilishane kila dakika 2, kwa sababu mikono ikichoka kifua hakishuki tena vya kutosha, na mchovu mwenyewe hajui.

Aliyepaliwa ambaye hawezi kukohoa wala kusema hupigwa makofi 5 ya nguvu kati ya mabega akiwa ameinama, na yasiposaidia husukumwa tumbo mara 5 kwa ndani na kwa juu, kisha mnarudia. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hasukumwi tumbo: hulazwa kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, akapigwa mgongoni, kisha akageuzwa na kukandamizwa kifua kwa vidole viwili.

Mengine ni kuungua, kuvunjika, kuzirai, degedege, kifafa, kuumwa na nyoka, sumu na kiharusi. Kiharusi kina dalili za kukumbuka: uso umelegea upande mmoja, mkono haunyanyuki, maneno yanavurugika. Ukiona moja kati ya hizo, angalia saa na mgonjwa aende hospitali wakati huohuo, asilazwe kwanza apumzike.

Mimi ni dereva wa bodaboda. Ajali nyingi naziona mimi. Nifanye nini?

Ninyi ndio tungependa mfundishwe kabla ya wote. Mko kila kona, mnafika mapema, mnazijua njia.

Jambo gumu kwenu ni usafiri. Aliyeanguka kutoka kwenye pikipiki au kurushwa na gari anaweza kuwa ameumia shingo au mgongo hata kama anaongea vizuri. Kumnyanyua kwa mikono na miguu kama gunia, kisha kumpakia mshikaki kati ya watu wawili, kunaweza kumfanya apooze maisha yake yote. Mzuie kichwa kisicheze, mwambie atulie, mngoje gari analoweza kulazwa. Pikapu yenye ubao au mlango uliong'olewa inafaa kuliko bajaji. Lakini kama gari linawaka moto, au hapumui na mahali hapafai kumhudumia, muondoeni; uhai unatangulia mgongo.

Kofia ngumu isivuliwe kwa pupa. Huvuliwa pale tu anaposhindwa kupumua au anapotapika, na wawe watu wawili: mmoja anashika kichwa na shingo kutoka chini, mwenzake anaivuta kofia taratibu.

Mwenye kidonda cha mkono ambaye anatembea na anajitambua, huyo mpakie mwende.

Na lori la mafuta likipinduka barabara ya Segera?

Usisogee, wala usimwache mtu asogee. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota petroli, likalipuka. Waliokufa walizidi mia moja. Barabara yetu ya Tanga hadi Segera ina kilometa kama 70 na malori ya mafuta yanapita usiku na mchana. Kazi ya mwenye mafunzo hapo ni kusimama mbali, upande upepo unakotoka, kuwazuia watu wenye madumu, kuzima sigara na majiko ya jirani, kupiga 114 kwa Zimamoto na 112 kwa Polisi. Kama dereva wa lori ni ndugu yako, najua utatamani kwenda. Waachie wenye vifaa.

Tunaokaa pwani tujifunze nini zaidi?

Mtu anayezama. Kosa la kwanza ni kuruka majini kumfuata: anayezama hukumbatia chochote, na wengi wamezama wawili kwa namna hiyo. Rusha kitu kinachoelea. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa mfuniko linambeba mtu mzima, na kila ngalawa inalo. Kamba, kasia, mpira wa ndani wa gari, vyote vinafaa. Anayeingia majini awe mwogeleaji hodari na awe na kitu cha kuelea mkononi.

Kosa la pili hufanyika mchangani. Aliyetolewa majini huning'inizwa miguu juu, au hukandamizwa tumbo ili atapike maji. Tumeikuta Sahare, tumeikuta Mwambani, na wanaofanya hivyo wanampenda mtu wao. Lakini kilichomwangusha ni kukosa hewa, na tumbo likikandamizwa chakula na maji hupanda vikaingia mapafuni. Mlaze chali mahali pagumu. Kama hapumui, anza na pumzi 5, kisha kandamiza kifua mara 30, pumzi 2, na kuendelea. Kwa aliyezama pumzi zina kazi kubwa kuliko kwa aliyeanguka ghafla nchi kavu. Hata akizinduka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali; mapafu yaliyoingia maji huweza kumgeuka saa chache baadaye.

Aliyechomwa na mwiba wa samaki aitwaye taa atumbukize mguu kwenye maji ya moto anayoyaweza, kwa dakika 30 hadi 90, maana joto hupunguza nguvu ya sumu ile. Yapime kwanza kwa mkono wako, kwani mguu wenye maumivu makali haujui kama unaungua. Mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni usiung'oe.

Nyumbani wazee wana tiba zao. Nitampingaje bibi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini, na tunalipenda, kwa sababu mtu aliyefundishwa vizuri lakini asiyejua kuzungumza na wazee hatasaidia nyumba yoyote ya Tanga.

Yatakayokukuta ni haya. Mtoto ameungua na uji, anapakwa dawa ya meno, mafuta au unga. Kinachotakiwa ni maji safi ya kawaida yakimiminika juu ya jeraha kwa dakika 20, pete na bangili zitolewe kabla ya uvimbe, kisha funika kwa kitambaa safi kisichonata. Lengelenge lisitobolewe. Mtu ameanguka kifafa, watu wanatafuta kijiko cha kumtia mdomoni. Kijiko huvunja meno na kinaweza kuziba koo. Mwondolee vitu vigumu, mwekee kanga chini ya kichwa, akitulia mlaze ubavu. Hali ikizidi dakika 5, au ikirudi kabla hajazinduka, ni dharura ya hospitali. Mtoto amekunywa mafuta ya taa, analazimishwa kutapika au ananyweshwa maziwa. Asitapishwe, kwa sababu mafuta yale yakipanda huingia mapafuni, na humo ndimo yanamoua. Mtu ameumwa na nyoka shambani, anachanjwa, ananyonywa sumu, anafungwa kamba ya kubana, anawekewa jiwe. Hakuna hata moja linalotoa sumu. Atulizwe, asitembee, kiungo kifungwe gango, yaani ubao au fito ya kukituliza, kama kilichovunjika, vitu vya kubana vitolewe, aende hospitali. Nyoka asifukuzwe. Swila akitema sumu machoni, osha macho kwa maji mengi.

Na mtoto mwenye degedege. Hapa kuna imani ya zamani katika pwani yetu kwamba akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo anapelekwa kwanza kwa mganga. Degedege linaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, na kila saa inayopita inamdhuru. Mlaze ubavu, mpunguzie nguo, apelekwe kituo cha afya usiku huohuo.

Sasa namna ya kusema. Ukifika na kumwambia bibi mbele ya majirani kwamba anaua mtoto, umeshapoteza nyumba nzima. Sisi huanza na shikamoo, hata kama damu inatoka, kwa kuwa ni neno moja na linafungua mlango. Kisha mpe bibi kazi: "Bibi, naomba unishikie kichwa chake," au "Shangazi, nitafutie kanga safi na ndoo ya maji." Anayetaka kupaka unga mara nyingi anataka tu kufanya kitu, ukimpa kitu sahihi cha kufanya atakifanya kwa moyo. Wengine wanataka kusoma dua. Wasome, haizuii kitu, wewe endelea na maji. Mazungumzo kuhusu unga na dawa ya meno yaache mpaka kesho au keshokutwa, ukienda kumjulia hali mtoto.

Mwanamume anaweza kumhudumia mwanamke asiye mahram wake?

Katika dharura ya uhai, ndiyo, na mashehe tuliowauliza wametukumbusha kanuni inayojulikana: dharura huhalalisha kilichokatazwa. Lakini heshima haiondoki kwa sababu ya dharura. Mwite mwanamke aliye karibu awe nawe, sema unachofanya kabla hujamgusa, funua sehemu iliyoumia tu, waambie waliosimama wageuke, wanawake washike kanga kuwa pazia. Anayepiga picha azuiwe.

Jibu la kudumu ni kuwa na wanawake wengi waliofundishwa. Mtaa wenye wahudumu wanaume watupu umejiandalia matatizo, hasa kwa wajawazito. Kwa mjamzito, mama aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga, kumbukeni 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama, ambao hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa.

Ramadhani watu huzirai. Je, tufanyeje?

Aliyezirai mlaze, inua miguu, legeza nguo. Wengi huzinduka ndani ya dakika moja au mbili. Mwenye kisukari ni jambo jingine: akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi, kusema ovyo au kukasirika bila sababu, sukari yake huenda imeshuka. Kama anajitambua na anaweza kumeza, mpe maji ya sukari, juisi au soda ya kawaida papo hapo. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua. Kama hajitambui, usimtie kitu chochote mdomoni, hata asali kidogo. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Nikimgusa mtu akafa, nitashtakiwa?

Hofu hii inawazuia wengi, tuiseme wazi. Fanya ulichofundishwa, usivuke hapo. Jitambulishe, omba ruhusa kwa anayejitambua, na akikataa usimlazimishe. Kaa karibu, piga simu. Asiyejitambua huchukuliwa kwamba angekubali. Usimwache uliyeanza kumhudumia mpaka akabidhiwe kwa mwingine. Kumbuka saa ya tukio, ulichokiona na ulichofanya, umweleze daktari au polisi vivyo hivyo bila kuongeza. Na vitu vya majeruhi, simu na pochi, vihesabiwe mbele ya shahidi kisha vikabidhiwe kwa polisi au ndugu. Migogoro niliyoishuhudia ilianzia kwenye simu kuliko kwenye bandeji.

Majeruhi wa ajali au wa kupigwa ataulizwa fomu ya polisi namba 3, yaani PF3. Gaweni kazi: mmoja aende moja kwa moja hospitali na mgonjwa, mwingine aende kituoni kufuata fomu. Mtu anayevuja damu asipitishwe kituoni.

Vipi kuhusu UKIMWI na homa ya ini?

Vaa glavu kila mara, kwa kila mtu, hata ndugu yako. Usipokuwa nazo, mfuko safi wa plastiki juu ya mkono unatosha kukandamiza kidonda. Ngozi isiyo na jeraha ni kinga nzuri. Damu ikiingia kwenye jeraha lako, jichoni au mdomoni, osha kwa maji mengi, kidonda ukioshe na sabuni, halafu nenda kituo cha afya siku hiyohiyo: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi. Chanjo ya homa ya ini B ipo. Anayejitolea mara kwa mara aiulizie.

Sanduku liwe na nini, na nani atalinunua?

Glavu, bandeji za upana tofauti, gozi, plasta, mkasi, kitambaa cha pembetatu, tochi, sabuni, kalamu na daftari. Dawa za kumeza zisiwemo. Kanga mbili nzee zilizofuliwa zinafanya kazi nyingi: pazia, kitanzi cha mkono, shuka, na zikikunjwa nene huwa pedi ya kuzuia damu. Gango ni ubao, fito au gazeti lililoviringishwa.

Kuhusu fedha, vikundi vinavyodumu ni vile vinavyochanga kidogo kila mwezi kama vikoba na kuweka daftari wazi. Sanduku lipewe mtunzaji mmoja ambaye nyumba yake hufunguliwa usiku, na watu wote wapajue kwake. Tusilifungie ofisini kwa mtendaji. Ofisi hufungwa saa tisa na nusu.

Msichore msalaba mwekundu kwenye sanduku wala fulana zenu. Alama hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 na ina wenyewe. Alama ya huduma ya kwanza ni msalaba mweupe juu ya rangi ya kijani.

Nitalipwa?

Hapana. Pengine nauli na chakula siku ya tukio kubwa, kama mechi ya Mkwakwani au maulidi. Anayetafuta ajira ni haki yake, lakini ajue mapema.

Tangu ile ajali silali vizuri. Ni kawaida?

Ndiyo, hasa kama ni mtoto, au mtu unayemfahamu, au mtu aliyekufa mikononi mwako. Siku za kwanza picha hurudi, chakula hakipiti, unajiuliza kama ungefanya hivi au vile. Wanaume wa kwetu wamelelewa kunyamaza, na nimeona kijana hodari sana akiacha kabisa kujitolea kwa sababu hakuwa na wa kumwambia. Kikundi kikutane jioni ileile au kesho yake, kila mmoja aseme alichokiona, bila kulaumiana. Usizime kumbukumbu kwa pombe au mirungi. Hali ikizidi wiki kadhaa, ongea na mtoa huduma wa afya ya akili katika hospitali. Huendi kule kwa sababu umepungukiwa imani wala ujasiri.

Tena mjue hili kabla ya kuanza: wengi wanaosimama moyo hawarudi, hata wakikandamizwa sawasawa, hata hospitalini.

Tunataka kuanzisha kikundi mtaani. Tuanze vipi?

Mwoneni mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwanza, ili mtambulike na polisi wasiwashangae usiku. Anzeni wachache, wanane hivi, waliotawanyika mitaani, na angalau nusu wawe wanawake. Wekeni namba zenu mahali watu wanapopita: duka la dawa, msikiti, kanisa, kijiwe, shule. Pangeni zamu. Muwe na orodha ya wenye magari waliokubali kuamshwa, na mkubaliane mapema nani atalipa mafuta, kwa sababu swali hilo likiulizwa saa nane usiku mbele ya mgonjwa linakula dakika.

Nikishapata cheti, basi?

Cheti kina muda wake, kwa kawaida miaka miwili au mitatu, lakini mikono husahau mapema zaidi. Ustadi wa kukandamiza kifua huanza kupungua baada ya miezi michache tu usipofanya zoezi. Kutaneni kila baada ya miezi mitatu, hata kwa saa moja: mmoja ajifanye majeruhi, wengine wamhudumie, mmoja ashike saa. Mdoli usipopatikana, mto mgumu juu ya sakafu unatosha kupima mwendo na kunyoosha mikono; kifua cha mtu asiye mgonjwa msikifanyie zoezi. Wengi huweka zoezi kubwa la mwaka Jumamosi ya pili ya Septemba, ambayo ni Siku ya Huduma ya Kwanza Duniani, na hapo ndipo pazuri pa kuwaalika wageni wajaribu.